Yote au yoyote? Maswali yenu kuhusu mbio za mwisho wa msimu

Kila msimu wa langalanga (Formula 1) unapokaribia ukingoni, barua za wasomaji hurudi palepale: uwanja wa Yas Marina, Abu Dhabi, tarehe 12 Desemba 2021. Siku hiyo Max Verstappen wa Red Bull alimpita Lewis Hamilton wa Mercedes katika mzunguko wa 58, ambao ndio ulikuwa wa mwisho, akatwaa ubingwa wa dunia. Wako walioshangilia hadi sauti zikakauka, na wako waliozima televisheni kabla kombe halijatolewa. Safari hii tumeyakusanya maswali hayo pamoja na machache ya misimu mingine. Majibu yanafuata kanuni jinsi zilivyosomeka wakati huo.

Tumebishana na kaka yangu tangu 2021. Yeye husema Hamilton aliibiwa. Mimi nasema mkurugenzi wa mbio ana mamlaka na akishaamua yamekwisha. Tuamueni.
*Msomaji, Mombasa*

Tuanze na lililotokea. Mzunguko wa 53, Nicholas Latifi wa Williams aligonga ukuta kwenye kona ya 14. Gari la usalama, lile linalotangulia magari yote kwa mwendo wa polepole wakati hatari inaondolewa, likatoka. Hamilton alikuwa anaongoza kwa takriban sekunde 11. Verstappen akaingia piti, yaani mahali pa kubadilishia matairi, akavaa matairi laini, akarudi barabarani akiwa bado wa pili, lakini kati yake na Hamilton kulikuwa na magari matano yaliyokwisha kuzidiwa mzunguko mzima: Lando Norris, Fernando Alonso, Esteban Ocon, Charles Leclerc na Sebastian Vettel.

Kwa kawaida magari ya namna hiyo huruhusiwa kupita, yakazunguka na kujiunga na mkia wa msururu, ili wanaogombea nafasi wabaki uso kwa uso. Ujumbe wa kwanza wa mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, ulisema hayataruhusiwa. Muda mfupi baadaye, katika mzunguko wa 57, ukaja ujumbe mwingine unaoyataja magari matano tu kwa namba zake: 4, 14, 31, 16 na 5. Magari mengine yaliyozidiwa yaliyokuwa nyuma ya Verstappen yaliachwa yalipo, yakiwemo ya Daniel Ricciardo na Lance Stroll, yaliyomtenganisha Verstappen na Carlos Sainz wa Ferrari. Kisha gari la usalama likaondoka mwishoni mwa mzunguko uleule.

Sasa kanuni. Kifungu cha 48.12 kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu magari yapi yapite. Kwa Kiingereza neno lililotumika linaweza kusomwa kama "yote" au kama "yoyote", na Red Bull walilishikilia hilo la pili: yoyote si lazima yawe yote. Ya pili haina utata wa namna hiyo. Gari la mwisho lililozidiwa likishampita kiongozi, gari la usalama hurudi piti mwishoni mwa mzunguko *unaofuata*. Magari yalipita katika mzunguko wa 57. Unaofuata ni wa 58, na wa 58 ndio mwisho wa mbio. Kwa hesabu hiyo Hamilton angemaliza wa kwanza nyuma ya gari la usalama.

Mercedes walilalamika usiku uleule. Majaji wakalitupa lalamiko hilo kwa kutegemea vifungu viwili: 15.3, kinachompa mkurugenzi mamlaka juu ya matumizi ya gari la usalama, na 48.13, kinachosema ujumbe wa kuliita gari hilo ukishatolewa, ni lazima lirudi. Mercedes walitoa nia ya kukata rufaa, wakaiondoa tarehe 16 Desemba. Machi 2022 FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ilitoa ripoti yake: Masi alitenda kwa nia njema, kulikuwa na kosa la kibinadamu katika kuyatambua magari yaliyozidiwa kwa sababu kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, na matokeo ni halali na hayabadiliki.

Kwa hiyo kaka yako ana hoja kuhusu utaratibu, nawe una hoja kuhusu matokeo. Sisi tunaona kaka yako amesimama mahali pagumu zaidi kubomoa. Mamlaka ya kuamua gari la usalama litoke lini na lirudi lini si sawa na mamlaka ya kuchukua nusu ya utaratibu na kuiacha nusu. Neno "kuibiwa" ndilo tusilolikubali, maana mwizi hayupo. Verstappen alipewa mzunguko mmoja, akautumia.

Masi alikuwa na njia tatu zilizokubalika. Kwanza, kushikilia uamuzi wake wa mwanzo: mbio zinaanza tena mzunguko wa 58, magari matano yakiwa katikati. Pili, kuyapitisha yote na kukubali kwamba mbio zinaishia nyuma ya gari la usalama. Tatu, kupandisha bendera nyekundu mapema, kila mmoja abadilishe matairi, kisha wasimame upya kwenye mstari. Bendera nyekundu ilikwisha kutumika mwaka uleule mjini Baku, zilipobaki dakika chache, na mbio zikamalizwa kwa mizunguko miwili. Timu zote zilikuwa zimeeleza kwamba zingependa mbio ziishe magari yakishindana, na shinikizo hilo ndilo lililoizaa njia ya nne ambayo haikuandikwa popote.

Kwa nini Mercedes hawakubadilisha matairi? Hapa mtaani tunasema walilala.
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Hawakulala. Pigeni hesabu. Pale Yas Marina, kuingia piti mbio zikiwa katika kasi ya kawaida hugharimu zaidi ya sekunde 20. Gari la usalama likiwa barabarani hasara hiyo hupungua sana, kwa kuwa walioko nje nao wanatembea polepole, ila haifutiki. Akiba ya sekunde 11 haikuwa na uhakika wa kutosha. Hamilton angeingia, Verstappen angebaki nje, angechukua uongozi, na kama mbio zingeishia nyuma ya gari la usalama ubingwa ungemwendea bila kupigana. Anayeongoza hulazimika kuamua kwanza, na anayemfuata hufanya kinyume chake. Mtego huohuo ulikuwepo mzunguko wa 36, gari la Antonio Giovinazzi liliposimama na mwendo wa wote ukapunguzwa kwa gari la usalama la kidijitali: Verstappen aliingia, Hamilton akabaki.

Matairi ndiyo yaliyomaliza kazi. Hamilton alikuwa na matairi magumu aliyovaa mzunguko wa 14, yaani yalikuwa yametembea mizunguko zaidi ya 40. Tairi lililokwisha mpira wake huwa jembamba, na jembamba halitunzi joto. Ukitembea nyuma ya gari la usalama joto na upepo wa ndani vyote hushuka, na tairi gumu ndilo linalochelewa kuliko yote kurudi katika hali ya kushika lami. Tairi laini hupata joto ndani ya kona chache. Ndiyo maana Verstappen aliweza kujitupa ndani kwenye kona ya 5, tena bila msaada wa bawa la nyuma linalofunguka, DRS, ambalo wakati huo halikuruhusiwa mara tu baada ya gari la usalama kuondoka. Hamilton alijaribu kurudisha kwenye nyoofu zilizofuata, akafika karibu ubavuni kwake kuelekea kona ya 9. Matairi hayakumruhusu.

Nusu pointi ilitoka wapi? Mpira hauna nusu goli.
*Msomaji, Unguja*

Ilitoka Ubelgiji, Spa, Agosti 2021. Mvua ilikuwa kubwa hata magari yakatembea mizunguko michache tu nyuma ya gari la usalama, na pointi zikatolewa nusu. Verstappen, aliyehesabiwa mshindi, alipata 12.5 badala ya 25. Hamilton wa tatu alipata 7.5. Walifika Abu Dhabi kila mmoja ana 369.5. Wagombea wawili kufungana pointi kabla ya mbio za mwisho kulikuwa hakujaonekana tangu 1974, Emerson Fittipaldi na Clay Regazzoni. Mwisho ilisomeka Verstappen 395.5, Hamilton 387.5.

Ninafanya kazi Dubai. Wenzangu hapa wanaomshabikia Verstappen wanasema Hamilton alikata kona mzunguko wa kwanza na hakuadhibiwa, kwa hiyo mambo yalisawazishwa. Ni kweli?
*Msomaji, Falme za Kiarabu*

Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili hatuikubali. Hamilton alianza wa pili, akampita Verstappen kwenye mwanzo. Kwenye kona ya 6 Verstappen alijipenyeza ndani akiwa amechelewa kufunga breki. Alibaki ndani ya mistari, Hamilton akatoka nje, akapita kwenye eneo la pembeni na kurudi barabarani akiwa mbele zaidi ya alivyokuwa. Chumba cha uendeshaji kikaona amepunguza mwendo kiasi cha kurudisha faida aliyoipata, hakukuwa na uchunguzi. Shabiki wa Red Bull aliyechukia ana sababu, maana kona ya namna hiyo ingeweza kuamuliwa kinyume na hakuna ambaye angeshangaa.

Ila ule ulikuwa uamuzi wa macho: ametoka kiasi gani, amerudisha kiasi gani. Wa mzunguko wa 57 ulikuwa wa utaratibu ulioandikwa. Kosa moja halilipi jingine, na hakuna kanuni inayosema majaji wasawazishe.

Waambie wenzako pia wamkumbuke Sergio Pérez, mwenzake Verstappen pale Red Bull. Akiwa na matairi laini yaliyochoka, alimzuia Hamilton katika mzunguko wa 20 na 21 hadi pengo kati yake na Verstappen, lililokuwa zaidi ya sekunde 8, likashuka chini ya 2. Baadhi ya mashabiki waliuita mchezo mchafu. Si mchafu. Kumzuia mpinzani wa mwenzako kwa kuziba njia kihalali kunaruhusiwa, na Pérez alifanya hivyo kwa ustadi mkubwa kuliko tulioona kwa msaidizi yeyote mwaka ule. Bila mizunguko ile miwili, akiba ya Hamilton mwishoni ingekuwa kubwa zaidi, na hesabu ya kuingia piti ingekuwa nyingine kabisa.

Je, Verstappen hakumtangulia Hamilton gari la usalama likiwa bado halijaondoka? Nimeirudia video mara nyingi.
*Msomaji, Kisumu*

Pua ya gari lake ilitangulia kwa muda mfupi sana. Lilikuwa lalamiko la pili la Mercedes, chini ya kifungu cha 48.8. Majaji walisema magari yote mawili yalikuwa yakiongeza mwendo na kufunga breki kwa zamu, na kwamba kipindi cha gari la usalama kilipomalizika Verstappen hakuwa mbele. Hili tunaliona limeamuliwa vizuri.

Huku kwetu tunatazama Safari Rally. Mbona kwenye rali hatuna ugomvi wa gari la usalama?
*Msomaji, Naivasha*

Kwa sababu rali haishindani gari kwa gari. Kila dereva huingia kipande cha barabara peke yake, magari yakipishana kwa dakika kadhaa, na saa ndiyo inayopambanua. Gari likianguka na kuziba njia, kipande husimamishwa kwa bendera nyekundu, na madereva ambao hawakupata nafasi ya kukimbia hupewa muda unaokadiriwa na waendeshaji wa mashindano. Ugomvi upo, ila huwa juu ya muda huo wa kukadiriwa: je, ni wa haki ukilinganisha na aliyekimbia kwenye vumbi au tope? Mwaka uleule wa 2021, Sébastien Ogier, aliyeshinda Safari iliporudi kwenye kalenda ya dunia, alichukua taji lake la nane kwenye rali ya mwisho huko Monza, Italia, na watu wakalala salama.

Jambo la kuangalia mwisho wa rali ni kipande cha mwisho, kile chenye pointi za ziada: wa kwanza hadi wa tano hupata 5, 4, 3, 2 na 1. Anayeongoza kwa dakika nzima anaweza kutembea kwa tahadhari na kupoteza pointi hizo, na mahesabu ya ubingwa yakageuka.

Kijana wangu alimtukana Latifi mtandaoni kwa kumharibia Hamilton. Nimwambie nini?
*Mzazi, Arusha*

Mama au baba, mwambie kilichotokea. Latifi alikuwa akishindana kwa nafasi za mkiani na Mick Schumacher wa Haas. Gari linalofuata jingine kwa karibu hupata upepo uliovurugika, mabawa yake hayabonyezi gari chini ipasavyo, na matairi yakiwa yamechafuka kwa kutoka nje ya barabara, kona ya 14 haisamehi. Dereva ambaye yuko nyuma kiasi kile hana namna ya kupanga nani awe bingwa kwa kugonga ukuta kwa mwendo ambao ungeweza kumvunja mifupa.

Siku chache baadaye Latifi aliandika barua ndefu ya wazi akieleza kwamba alipokea hata vitisho vya kuuawa. Masi naye alitishiwa. Hasira ya shabiki ina mahali pa kwenda: kanuni, jinsi ilivyotumika, na taasisi inayoiandika. Mashabiki walioibana FIA kwa hoja za kifungu kwa kifungu walipata uchunguzi na mabadiliko. Waliomtukana Latifi hawakupata kitu, na wamemuumiza kijana aliyekuwa kazini kwake.

Wazee wa kijiweni bado wanasema Timo Glock aliuza mwaka 2008. Kuna ukweli?
*Msomaji, Tanga*

Hakuna. Interlagos, Brazil, tarehe 2 Novemba 2008. Felipe Massa wa Ferrari alishinda mbio na familia yake ikaanza kushangilia gerejini. Hamilton, wakati huo McLaren, alihitaji nafasi ya tano na alikuwa wa sita. Kwenye kona za mwisho kabisa akampita Glock wa Toyota. Hamilton 98, Massa 97. Angebaki wa sita wangefungana kwa 97, na Massa angekuwa bingwa kwa kuwa na ushindi 6 dhidi ya 5.

Shikilieni matairi. Mvua ilirudi mizunguko michache kabla ya mwisho. Wengi waliingia kuvaa ya mvua. Toyota waliwaacha madereva wao wote wawili na matairi ya lami kavu, na kubaki nje huko ndiko kulikompandisha Glock mbele ya Hamilton. Mvua ilipozidi kwenye mzunguko wa mwisho, tairi la lami kavu halikuwa na pa kuyapeleka maji yale yote, likaanza kuelea. Ushahidi mkubwa ni mwenzake, Jarno Trulli: naye alikuwa na matairi ya namna ileile, naye akatambaa vilevile. Kama Glock aliuza, Trulli alikuwa anamuuzia nani?

Baada ya 2021 nini kilibadilika? Na mbona Monza 2022 watu walizomea tena?
*Msomaji, Nairobi*

Masi aliondolewa Februari 2022, nafasi yake wakapokezana Niels Wittich na Eduardo Freitas. Neno lenye utata likafutwa, sasa ni magari *yote*. Programu ya kompyuta ikatengenezwa kuyatambua yaliyozidiwa, badala ya mtu kuyahesabu kwenye skrini wakati simu zinamlilia. Wakuu wa timu wakazuiwa kumsemesha mkurugenzi moja kwa moja wakati wa mbio, jambo ambalo lilistahili kufanywa miaka mingi nyuma. Na kipimo cha gari la usalama kurudi sasa huhesabiwa tangu ujumbe wa kuyaruhusu magari ulipotolewa: mwishoni mwa mzunguko unaofuata.

Monza 2022 ndipo watu walipoonja kanuni iliyofuatwa. Gari la Ricciardo lilisimama mzunguko wa 47 kati ya 53, kuliondoa kukachukua muda, na mbio zikaishia nyuma ya gari la usalama, Verstappen wa kwanza, Leclerc wa Ferrari wa pili. Umati wa Waitaliano ukazomea. Tunaielewa huzuni yao, lakini hatuoni aliyekosea kanuni. Anayedai kanuni ifuatwe Abu Dhabi hana budi kuikubali Monza.

Tunatazama kikundi, na kila mbio za mwisho watu wanapiga kelele bila kujua nani anahitaji nini. Tufuatilie nini?
*Msomaji, Morogoro*

Andaeni karatasi kabla ya mbio. Andikeni pointi za kila mgombea, kisha mgao: 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1. Ile pointi moja ya mzunguko wa kasi zaidi, iliyotolewa kuanzia 2019, imefutwa tangu 2025, msiihesabu. Jumlisheni kila nafasi. Wakifungana, tazameni nani ana ushindi mwingi zaidi msimu mzima. Wakilingana hapo, nafasi za pili, na kuendelea chini. Ndiyo maana Abu Dhabi 2021, kama wote wawili wangetoka bila pointi, Verstappen angekuwa bingwa kwa ushindi 9 dhidi ya 8.

Wakati wa mbio, mtu mmoja apewe kazi ya nguzo ya majina iliyo upande wa kushoto wa skrini. Duara jekundu ni tairi laini, la njano ni la kati, jeupe ni gumu, la kijani ni la mvua ndogo, la buluu ni la mvua kubwa. Mwingine aandike mzunguko ambao kila mgombea aliingia piti, ili mjue umri wa matairi. Wa tatu ashike pengo kwa sekunde. Likiwa dogo kuliko hasara ya piti, anayeongoza yuko mtegoni. Gari la usalama likitoka, hesabuni mizunguko iliyobaki na muulizane mara moja: ujumbe wa magari yaliyozidiwa umetolewa mzunguko wa ngapi?

Jizoezeni na Abu Dhabi ya tarehe 7 Desemba 2025. Kabla ya mbio: Norris 408, Verstappen 396, Oscar Piastri 392. Verstappen akashinda, 396 na 25 ni 421. Piastri wa pili, 392 na 18 ni 410. Norris wa tatu, 408 na 15 ni 423, bingwa. Sasa mshusheni Norris nafasi moja tu, awe wa nne: 408 na 12 ni 420.